Jinsi ya kupima ukali wa asidi kali ya kikaboni

Mpe mwanafunzi asidi ya asetiki, mwambie atafute pKa yake, yaani namba inayoonyesha ukali wake, na kabla ya jua kutua atakuletea jibu zuri. Ataipima kwa titresheni, yaani kuongeza besi kidogokidogo kutoka kwenye bureti huku akisoma mita ya pH, akitumia hidroksidi ya sodiamu, atasoma pH pale nusu ya asidi inapokuwa imezimwa, ataandika 4.76 au namba iliyo karibu nayo. Sasa mpe asidi ya dikloroasetiki, afanye vilevile, kwa vyombo vilevile na kwa uangalifu uleule. Atakuletea 1.8. Thamani inayokubalika ni 1.35. Kwenye Ka yenyewe, konstanti ambayo pKa ni logi yake, amekosea karibu mara tatu.

Mita yake ni nzima na bureti ni safi. Kilichomwangusha ni kanuni aliyokariri bila kuambiwa inafanya kazi wapi. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kupima asidi za aina hiyo: kuanzia zile ambazo maji bado yanaweza kuzipima, hadi zile zinazotulazimisha kuyaacha maji kabisa. Unahitaji kujua logaridhimu na mlinganyo wa kipeo cha pili. Vifaa vitategemea asidi uliyo nayo.

Kabla ya vyombo: unachotafuta ni nini

Asidi, tuiite HA, ikiingia majini baadhi ya molekuli zake huachia protoni (H⁺) na kubaki ioni A⁻. Ka ni kipimo cha msawazo huo: zidisha ukolezi wa H⁺ kwa ukolezi wa A⁻, kisha gawa kwa ukolezi wa HA iliyobaki nzima. pKa ni logi ya Ka iliyogeuzwa alama, kwa hiyo kadiri pKa inavyoshuka ndivyo asidi inavyokuwa kali zaidi.

Tazama kwamba hesabu hiyo ina HA na A⁻ pamoja. Hapo ndipo penye kiini cha kazi yote. Ili uipate Ka, lazima pande zote mbili ziwepo mbele yako kwa kiasi kinachopimika: iliyovunjika na iliyobaki. Upande mmoja ukitoweka, hakuna mita ya bei yoyote itakayokusaidia, kwa sababu utakuwa unagawa kwa kitu ambacho huwezi kukiona. Asidi dhaifu hukupa pande zote mbili bila kuombwa. Asidi kali inakutaka utengeneze mazingira ambamo upande wa HA hautoweki. Kila njia iliyomo humu chini ni namna moja ya kutengeneza mazingira hayo.

Hatua ya 1: kadiria asidi yako iko wapi

Usianze kupima kabla ya kukisia. Muundo wa molekuli utakupa makisio mazuri kuliko watu wengi wanavyodhani. Angalia mfululizo huu, wote majini kwenye nyuzi 25 za Selsiasi: asetiki 4.76, monokloroasetiki 2.87, dikloroasetiki 1.35, trikloroasetiki karibu 0.7. Kila atomu ya klorini huvuta elektroni kuelekea kwake, ioni inayobaki inatulia zaidi, na protoni inaondoka kwa urahisi zaidi. Florini huvuta kwa nguvu kuliko klorini, na ndiyo maana asidi ya trifluoroasetiki iko chini zaidi, kati ya 0.2 na 0.5 kutegemea aliyeipima na njia aliyotumia. Asidi za sulfoniki, kama metanisulfoniki na p-toluenisulfoniki, ziko chini ya sifuri.

Kwa makisio hayo chagua njia:

Kama pKa inaelekea kuwa juu ya 1 hivi, tumia mita ya pH na titresheni, kwa hesabu iliyosahihishwa (hatua ya 2 hadi ya 4).

Kama iko karibu na sifuri, tumia myeyusho mzito zaidi pamoja na kiashirio cha rangi (hatua ya 5).

Kama iko chini ya sifuri kwa umbali wa kueleweka, acha maji (hatua ya 6).

Jambo moja la usalama, na ninalisema kwa uzito wote. Asidi hizi zinaunguza ngozi na macho, na trifluoroasetiki hutoa mvuke unaochoma koo. Fanya kazi ndani ya kabati la kuvuta mvuke, vaa miwani na glovu, na siku zote mimina asidi ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi. Asidi ya pikriki, ambayo vitabu vingi huitaja kama mfano mzuri wa asidi kali ya kikaboni, hulipuka ikikauka. Asiyewahi kufundishwa kuishughulikia asiiguse.

Hatua ya 2: andaa mieyusho na mita

Nitatumia asidi ya dikloroasetiki kama mfano, kwa kuwa iko pale hasa ambapo njia ya kawaida huanza kudanganya lakini njia iliyosahihishwa bado inafaulu. Uzito wake wa moli ni gramu 128.94. Pima gramu 1.289, yeyusha katika maji yaliyosafishwa, jaza hadi mililita 100 kwenye chupa ya ujazo. Una myeyusho wa moli 0.1 kwa lita.

Hidroksidi ya sodiamu, nayo moli 0.1 kwa lita, isanifishe wewe mwenyewe kwa ftalati hidrojeni ya potasiamu iliyokaushwa. Usiamini lebo ya chupa. Tumia maji yaliyochemshwa na kupoozwa, maana kaboni dioksidi ya hewani huila hidroksidi taratibu na kukuachia kabonati.

Mita ya pH ndiyo inayostahili muda wako mwingi hapa. Watu wengi huisanifisha kwa bafa (mieyusho ambayo pH yake inajulikana) za 4 na 7, kisha wanaenda kusoma 1.5. Hiyo ni sawa na kupima kitambaa kwa rula ambayo alama zake zimeishia kabla kitambaa hakijaanza. Tafuta bafa ya tetraoksalati ya potasiamu, ambayo pH yake ni 1.68 kwenye nyuzi 25, na uitumie pamoja na ile ya 4.01. Mteremko wa elektrodi unapaswa kuwa karibu na milivolti 59.16 kwa kila kizio cha pH kwenye joto hilo. Ukikuta 54 au 55, safisha elektrodi au tafuta nyingine kabla ya kuendelea. Kumbuka pia kwamba elektrodi ya kioo huanza kupotoka pH inaposhuka kuelekea sifuri, kwa hiyo usimwamini mtu anayekuonyesha pKa ya −1 aliyoipata kwa elektrodi hiyo majini.

Kuna usahihisho wa ndani zaidi kwa anayetaka namba ya kuaminika na si ya kujifunzia tu. Mita haisomi ukolezi wa H⁺, inasoma aktiviti yake, yaani jinsi ioni hizo zinavyojionyesha zikiwa zimezungukwa na ioni nyingine. Katika myeyusho wenye moli 0.1 ya ioni kwa lita, aktiviti ya ioni yenye chaji moja ni karibu 0.78 ya ukolezi wake, kwa makadirio yanayotokana na nadharia ya Debye na Hückel ya mwaka 1923. Kwa asidi dhaifu tofauti hiyo humezwa kirahisi. Hapa itaingia moja kwa moja katika jibu lako.

Dawa yake ni hii. Weka kloridi ya potasiamu ya moli 1.0 kwa lita katika kila myeyusho, wa asidi na wa besi pia, ili mazingira ya ioni yasibadilike titresheni inapoendelea. Kisha pima kwanza asidi ya hidrokloriki ya ukolezi unaojulikana ndani ya mazingira hayohayo. Asidi hiyo huvunjika yote, kwa hiyo unajua H⁺ ni ngapi katika kila nukta, na unaweza kuchora milivolti dhidi ya logi ya ukolezi. Mstari huo ndio sanifisho lako halisi. Tangu hapo elektrodi inakusomea ukolezi, na Ka utakayopata ni ya mazingira hayo ya chumvi. Usishtuke ikitofautiana na ya jedwali: pKa ya dikloroasetiki kwenye chumvi nyingi hivyo hutoka chini ya 1.35, na hilo si kosa la mkono wako.

Hatua ya 3: fanya titresheni na usome njia nzima

Weka mililita 25.00 za asidi kwenye bika, tumbukiza elektrodi, koroga kwa upole. Ongeza besi mililita mojamoja. Baada ya kila nyongeza subiri hadi namba itulie, kisha andika ujazo na pH. Joto lisibadilike, chombo cha maji yenye joto thabiti kikiwepo, kitumie.

Endelea hadi mwisho, usiishie katikati. Unapokaribia mililita 25, punguza nyongeza ziwe za matone. Mruko wa pH mahali hapo ni mkali na wazi, na kitovu chake kiko karibu kabisa na 7 kwa sababu ioni inayobaki karibu haina nguvu ya besi. Mruko huo unakupa kitu muhimu kuliko unavyoonekana: ukolezi halisi wa asidi uliyoanza nayo. Asidi hizi hunyonya unyevu wa hewa, hivyo ulichopima kwenye mizani huenda si asidi tupu. p-Toluenisulfoniki, kwa mfano, mara nyingi huuzwa ikiwa na molekuli moja ya maji, gramu 190.22 kwa moli badala ya 172.20. Anayesahau hilo anakosea kwa zaidi ya asilimia 9 kabla hata hajafungua bureti.

Hatua ya 4: hesabu, na hapa usikimbie

Kanuni ya kusoma pH nusu ya njia inatoka kwenye mlinganyo wa Henderson na Hasselbalch (pH = pKa + logi ya [A⁻] ÷ [HA], mabano ya mraba yakimaanisha ukolezi), pamoja na dhana moja ambayo mara nyingi haitamkwi: kwamba A⁻ yote iliyomo kwenye bika imetokana na besi uliyoongeza. Kwa asidi ya asetiki dhana hiyo karibu ni kweli, maana yenyewe huvunjika kidogo sana. Asidi ya dikloroasetiki haikusubiri besi yako. Katika myeyusho wa moli 0.1 kwa lita, karibu asilimia 48 yake ilishavunjika kabla hujafungua bureti.

Kwa hiyo lazima uzihesabu protoni zilizo huru. Chaji za myeyusho lazima zilingane: kila A⁻ iliyopo ina mwenzake, ama Na⁺ uliyoingiza, ama H⁺ iliyo huru. Maana yake ni hii:

[A⁻] = [Na⁺] + [H⁺]

[HA] = ukolezi wa asidi yote − [A⁻]

Ka = [H⁺] × [A⁻] ÷ [HA]

Hakuna zaidi ya hayo. Mistari hii mitatu ndiyo inayotofautisha jibu sahihi na lile lililokosea mara tatu. Usisahau tu kwamba ujazo unakua kila unapoongeza besi, hivyo ukolezi wa asidi yote na wa Na⁺ unahesabiwa upya kwa kila nukta.

Tuifanye kwa namba. Nimezitengeneza kwa kutumia pKa ya 1.35 na kuliacha suala la aktiviti pembeni, ili hesabu yenyewe ionekane. Mililita 25.00 za asidi ya moli 0.1000 kwa lita, besi nayo 0.1000.

Baada ya mililita 12.50 za besi, pH ni 1.80. Ujazo wote ni 37.50. Asidi yote kwa ujumla ni 0.0667 moli kwa lita, Na⁺ ni 0.0333. Kutoka kwenye pH, [H⁺] ni 0.0158. Basi [A⁻] ni 0.0333 + 0.0158 = 0.0491, na [HA] ni 0.0667 − 0.0491 = 0.0176. Ka inatoka 0.044, yaani pKa 1.35 au 1.36 kutegemea ulivyokata desimali. Mwanafunzi wetu wa mwanzo aliona 1.80 hiyohiyo na akaiita jibu.

Sasa linganisha nukta tatu. Kwenye mililita 5.00 pH ni 1.50, kwenye 12.50 ni 1.80; kwenye 20.00 ni 2.28. Ukitumia mlinganyo wa kawaida bila kusahihisha, pKa zinatoka 2.10, 1.80 na 1.68. Ukihesabu protoni huru, zinatoka 1.36, 1.35 na 1.35. Hiki ndicho kipimo bora cha uaminifu wa kazi yako kuliko kingine ninachokijua: konstanti lazima iwe konstanti. Jibu likihama kadiri unavyosogea kwenye mchoro, kuna kitu hakijahesabiwa. Kwa hiyo usitegemee nukta moja kamwe. Hesabu Ka kwa nukta nane au kumi, zipange kwa mfuatano wa ujazo, tazama kama zinapanda au kushuka kwa mwelekeo mmoja.

Nukta zipi ziaminiwe? Zile za mwanzo na katikati. Ukisogea mbali, [HA] inakuwa tofauti ndogo ya namba mbili kubwa, na kosa dogo linavimba. Kosa la asilimia 1 katika ukolezi wa asidi, likiwa kwenye mililita 5, linahamisha pKa kwa karibu 0.01. Kosa hilohilo kwenye mililita 20 linaihamisha kwa karibu 0.04. Na kosa la 0.02 katika kusoma pH pale katikati ya njia linakuwa karibu 0.05 kwenye pKa. Andika makosa haya pembeni ya jibu lako mapema, kabla hujaanza kulipenda.

Iwapo huna bureti kabisa, unaweza kupima pH ya myeyusho wa asidi peke yake na kutumia mistari ileile ukiweka Na⁺ sifuri: Ka = [H⁺]² ÷ (C − [H⁺]), C ikiwa ni ukolezi wa asidi yote. Usithubutu kuiacha ile [H⁺] ya chini kwenye mgawanyo kwa kisingizio kwamba ni ndogo. Kwa asidi dhaifu vitabu vinaruhusu. Hapa ni nusu ya asidi yote.

Upitishaji wa umeme nao ni njia ya heshima, na ya zamani: Wilhelm Ostwald aliitumia mwaka 1888 alipoonyesha jinsi asidi dhaifu zinavyovunjika zaidi kadiri zinavyoongezewa maji. Kwa asidi zenye pKa kati ya 1 na 2 bado inafaa, ila inadai masahihisho ya mwingiliano wa ioni ambayo yatakuchukua muda mrefu kuliko titresheni nzima. Ningeitumia kuhakiki tu.

Hatua ya 5: asidi inapokaribia sifuri

Chukua trifluoroasetiki. Tuseme Ka yake ni 0.59, sawa na pKa 0.23. Katika myeyusho wa moli 0.1 kwa lita, asilimia 87 imevunjika na pH ni 1.06. Kama ingevunjika yote, pH ingekuwa 1.00. Habari yote unayoitafuta imejificha katika pengo la 0.06. Mita inayokosea kwa 0.02 ikikusomea 1.04, Ka inatoka 0.95, ikisoma 1.08, inatoka 0.41. Hakuna ustadi wa mikono utakaotibu hali hiyo, maana upande wa HA umebaki mdogo mno kuonekana.

Basi urudishe. Ukikoleza myeyusho hadi moli 1.0 kwa lita, asidi ileile huvunjika kwa asilimia 53 tu. Pande zote mbili zimerudi mezani, nusu kwa nusu. Ila sasa uko mahali ambapo elektrodi ya kioo haifurahii, na ndipo kinapoingia kiashirio cha rangi.

Louis Hammett na Alden Deyrup walilitatua tatizo hili mwaka 1932 kwa kutumia besi dhaifu sana zenye rangi, hasa nitroanilini. Molekuli ya kiashirio ikiwa huru ina rangi ya njano. Ikishapokea protoni, rangi hiyo hupotea. Kila kiashirio kina mahali pake: 4-nitroanilini hugeuka karibu na 1.0, 2-nitroanilini karibu na −0.3, na 2,4-dinitroanilini karibu na −4.5. Ukivipanga unapata ngazi, kila kidaraka kikipimwa kwa kukilinganisha na kilichotangulia.

Utaratibu ni huu. Weka kiashirio kidogo sana, kati ya moli 0.00001 na 0.0001 kwa lita, ili chenyewe kisile protoni zako. Kwa spektrofotomita pima ufyonzaji wa mwanga mara tatu kwenye urefu wa wimbi uleule, nanomita 380 hivi kwa 4-nitroanilini: kwanza majini ambako kiashirio chote ni huru, kisha kwenye asidi kali mno ambako chote kimepokea protoni, kisha kwenye myeyusho wako. Uwiano wa kilicho huru kwa kilichopokea, F ikiwa ni ufyonzaji, ni:

(F yako − F ya kilichopokea) ÷ (F ya kilicho huru − F yako)

Kwa mfano, huru 0.800, kilichopokea 0.010, wako 0.220. Uwiano ni 0.210 ÷ 0.580 = 0.36. Ukipata uwiano ulio nje ya 0.1 hadi 10, badilisha kiashirio. Upande mmoja umekuwa mdogo mno. Ni kanuni ileile ya mwanzo, safari hii ikihusu kiashirio.

Ili kutoka hapo hadi Ka, tengeneza mfululizo wa mieyusho ya asidi ya hidrokloriki ya ukolezi mbalimbali yenye kiashirio hichohicho, ukiongeza kloridi ya potasiamu ili jumla ya ioni ilingane katika yote. Tafuta ukolezi wa hidrokloriki unaotoa uwiano sawa na wa asidi yako. Huo ndio [H⁺] ya asidi yako. Ukikuta kwamba trifluoroasetiki ya moli 1.0 inalingana na hidrokloriki ya 0.53, Ka ni 0.53² ÷ 0.47, yaani 0.60. Ukikosea kwa 0.02 upande wowote, pKa inasogea kwa 0.05 tu. Linganisha na ule mtawanyiko wa 0.41 hadi 0.95 tuliouona kwenye mita.

Hapa kuna mkanganyiko unaonikera nikiukuta hata kwa watu waliosoma sana. Kipimo cha Hammett, kinachoandikwa H₀, ni sifa ya myeyusho mzima: kinasema una uwezo gani wa kumpa kiashirio protoni. Ka ni sifa ya asidi. Asidi ya sulfuriki tupu ina H₀ ya karibu −12, lakini hiyo siyo pKa yake. Anayeziweka namba hizo kwenye safu moja ya jedwali anachanganya urefu wa ngazi na urefu wa mtu aliyesimama juu yake.

Hatua ya 6: maji yanaposhindwa

Asidi za sulfoniki zikiingia majini huvunjika karibu zote. Metanisulfoniki, p-toluenisulfoniki na trifluorometanisulfoniki, ambazo zinapishana sana kwa ukali, majini huonekana kama ndugu pacha: zote zinageuka kuwa ioni za hidroniamu (molekuli za maji zilizopokea protoni), na maji hayana uwezo wa kuonyesha kitu kilicho kikali kuliko hidroniamu yake yenyewe. Ndiyo maana pKa za majini za asidi hizi hutofautiana sana kutoka jedwali hadi jedwali. Nyingi ni makadirio.

Suluhisho ni kiyeyushi kinachochukia kupokea protoni. Asetonitraili ndiyo inayotumika zaidi. Humo asetiki ina pKa ya karibu 23.5, trifluoroasetiki 12.6, pikriki 11.0 na p-toluenisulfoniki 8.5. Tazama jinsi nafasi ilivyopanuka: asidi zilizobanana majini sasa zina umbali unaopimika. Namba hizi hazilinganishwi na za maji hata kidogo. Ni rula nyingine.

Uzuri wa njia hii ni kwamba huhitaji kujua pH. Unaweka asidi mbili pamoja, moja inayojulikana na moja usiyoijua, unaongeza besi kali kidogokidogo, na kwa spektrofotomita unatazama kila moja imevunjika kwa kiasi gani. Zinagombania protoni zilezile, kwa hiyo [H⁺] inajifuta kwenye hesabu:

tofauti ya pKa = logi ya (uwiano wa A⁻ kwa HA wa asidi mpya ÷ uwiano huohuo wa asidi inayojulikana)

Ukikuta asidi mpya imevunjika asilimia 80 wakati pikriki imevunjika asilimia 20, uwiano ni 4 kwa 0.25, yaani 16, na logi yake ni 1.2. Asidi yako ni kali zaidi kwa 1.2, hivyo iko 9.8. Kisha asidi hiyo inakuwa kidaraka cha kupimia inayofuata. Katika Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia, kundi la wanakemia limejenga ngazi ndefu ya aina hii ndani ya asetonitraili kwa miaka mingi, na thamani zao ndizo ningeanza nazo ninapotafuta asidi ya kulinganishia.

Adui mkubwa ni maji. Kiasi kidogo sana cha unyevu kitapokea protoni kabla ya kitu kingine chochote, na vipimo vyako vyote vitaelekea upande mmoja bila kukuonya. Kausha kiyeyushi, fanya kazi ndani ya boksi lenye gesi kavu, na pima unyevu kabla na baada. Tumia mieyusho myepesi pia, kwa sababu ndani ya asetonitraili HA na A⁻ hupenda kushikana, na mshikamano huo ukiachwa utaifanya asidi ionekane kali kuliko ilivyo. Asidi zote mbili lazima zibadilike kwenye wigo wa mwanga zinapopoteza protoni; isiyobadilika inahitaji njia nyingine, kama ile ya mwangwi wa sumaku ya nyuklia (NMR), ambayo ni hadithi ndefu ya peke yake.

Hatua ya 7: hakiki, andika, safisha

Kabla ya kuitangaza namba ya asidi isiyojulikana, pitisha utaratibu wako wote kwenye asidi inayojulikana iliyo karibu nayo. Anayepima kitu anachokisia kiko 1.5 aanze na dikloroasetiki. Asipopata kinachokubalika, asiiguse ile mpya.

Kwenye daftari, pKa isiandikwe peke yake. Iandikwe na kiyeyushi, joto, chumvi iliyotumika na ukolezi wake, njia ya kupima, idadi ya nukta na ukubwa wa kosa. Kama ulifanya kazi kwenye kloridi ya potasiamu ya moli 1.0 kwa lita, sema hivyo; kama ulisahihisha aktiviti kwa hesabu, taja mlinganyo uliotumia. Weka na jedwali la ujazo na pH ghafi, ili atakayekuja aweze kuhesabu upya kwa dhana zake.

Mabaki ya asidi zima taratibu kwa bikabonati ya sodiamu hadi mapovu yaishe. Yenye trifluoroasetiki na asetonitraili yakusanye kwenye chupa zake, yasiende kwenye sinki: ioni ya trifluoroasetati haiozi kirahisi ikishaingia kwenye maji ya ardhini. Elektrodi isuuze, uirudishe kwenye myeyusho wake wa kloridi ya potasiamu, na usiiache ikauke.